Pepa ya Fizikia Imeisha: Jinsi ya Kulinganisha Majibu Bila Kutiana Hofu

Mtahiniwa wa fizikia wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, huandika majibu kwenye karatasi ileile ya maswali, katika nafasi zilizoachwa. Saa 2 zikiisha, msimamizi hukusanya zote, na mwanafunzi hutoka nje mikono mitupu. Kinachobishaniwa pale chini ya mti, iwe ni Kisumu, Nakuru au Kakamega, ni kumbukumbu tu. Huyu ameshika kwamba swali lilisema kilo 2, yule anaapa ni kilo 2.5, na kila mmoja anamwona mwenzake amefeli.

Kwa hiyo linganisheni swali kabla ya jibu. Tulipewa nini? Kwa kizio gani? Tuliulizwa nini hasa? Mkikubaliana hapo, tajeni fomula, halafu namba mlizotia ndani yake, na jibu lije mwisho kabisa. Msahihishaji naye hufuata njia hiyohiyo. Hesabu ya alama 3 kwa kawaida ina alama ya njia na alama ya jibu, na aliyeteleza kwenye kubonyeza kalkuleta hajapoteza zote 3. Ndiyo maana kumwambia mwenzako "umekosa" kwa kusikia namba yake ya mwisho pekee ni kumwonea.

Majibu yakitofautiana, msikimbilie kupiga kura. Pimeni kwanza yanatofautiana kwa kiasi gani, kwa sababu tofauti yenyewe hutaja kosa.

Chukua kani ya niutoni 20 inayokandamiza eneo la sentimita 5 za mraba. Mmoja ana paskali 40,000, mwingine 400. Jibu moja ni mara 100 ya lingine, basi kosa liko kwenye kugeuza sentimita za mraba kuwa mita za mraba: mgeuzaji aligawanya kwa 100 mara moja badala ya mara mbili. Sahihi ni 40,000. Kwenye ujazo mgawanyo huo hufanywa mara tatu, yaani kwa 1,000,000, na aliyegawanya mara moja tu atakuwa amepotea kwa mara 10,000.

Tofauti ikiwa ndogo, kama asilimia 1 au 2 hivi, chunguzeni thamani ya g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Jiwe likidondoka kutoka mita 20, ukitumia 10 unapata sekunde 2.00, ukitumia 9.8 unapata 2.02. Karatasi ikisema g ni 10, tumia 10, hata kama kitabu chako cha kidato cha tatu kimeandika 9.8.

Makosa ya gesi nayo yana dalili yake. Gesi yenye ujazo wa sentimita za ujazo 300 kwenye nyuzi 27 za Selsiasi inapashwa moto hadi nyuzi 127, shinikizo likibaki palepale. Jibu ni 400. Ukisikia 1,411, huyo hakuongeza 273 kwenye halijoto zote mbili ili kuzigeuza kuwa kelvini. Na jihadharini hapa, kwa sababu kosa hili hupendwa na wengi: watu watano wanaweza kusimama pamoja na 1,411 yao, na yule mmoja mwenye 400 akaondoka anafuta machozi.

Kosa linalojificha kuliko yote ni la kalkuleta. Mwanga unaingia kwenye glasi ambayo indeksi yake ya kupinda mwanga ni 1.5, kwa pembe ya nyuzi 30. Pembe ya ndani ni nyuzi 19.5. Mwenzako anasema 19.6, nanyi mnapuuza mkidhani ni kukadiria. Mwambie abonyeze sini ya 30. Ikitoka 0.5, kalkuleta ni nzima. Ikitoka -0.988, iko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe, na kosa hilo hujionyesha lenyewe. Ikitoka 0.454, iko kwenye gradi, ambamo pembe mraba ni 100 badala ya 90, na hiyo ndiyo ya kuogopwa: ukitafuta sini kisha ukairudisha kuwa pembe, kwa pembe ndogo kama hii, jibu linakaribia ukweli kiasi cha kutoshtua mtu. Swali linalofuata, linalotaka sini peke yake, ndilo litakalomwangusha.

Pepa ya tatu, ya maabara, ina sheria zake. Usomaji wa vifaa haulinganishwi kati ya meza na meza, sembuse shule na shule. Betri mpya na betri iliyotumika wiki nzima hazitoi mkondo sawa, na waya wa nikromu ukiwa mwembamba zaidi, ukinzani wake hupanda. Hata maji hayachemki sawa. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 na maji yake huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, huchemka karibu nyuzi 94. Binamu wawili wakipigiana simu jioni na kutofautiana kwa nyuzi 2, huenda wote wamesoma kipimajoto vizuri.

Cha kulinganisha kwenye maabara ni kazi ya mkono. Je, uliandika 45.0 kwa rula ya mita, au 45 tupu? Je, grafu ilijaza zaidi ya nusu ya karatasi? Mteremko uliupata kwa nukta mbili zilizo mbalimbali juu ya mstari, au ulichukua namba za jedwali ambazo hata hazigusi mstari?

Na pendulamu, tafadhali, ulizaneni mlianzaje kuhesabu. Uzi wa sentimita 50, ukipimwa hadi katikati ya gololi, huchukua karibu sekunde 28.4 kwenda na kurudi mara 20. Anayewasha saa huku akisema "moja" anahesabu 19 na kugawanya kwa 20. Anapata sekunde 27.0, kipindi (muda wa kwenda na kurudi mara moja) cha 1.35, na g ya takriban 10.8. Unapowasha saa sema "sufuri".

Miongozo ya usahihishaji inayosambaa kwenye simu jioni ileile si ya KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Iacheni.

Kuhusu wakati: mtihani wa majaribio jadilini hadi mchoke, kwa kuwa karatasi itarudi mkononi. KCSE yenyewe, kati ya pepa na pepa, dakika 10 zatosha. Pepa ya kwanza ni ya mekanika na joto; ya pili ni umeme, sumaku, mawimbi, mwanga na mionzi. Kubishana usiku kucha juu ya jiwe la mita 20 hakutakusaidia kusoma mchoro wa saketi. Andika kosa moja ulilogundua, kama ni kizio au kuongeza 273, kisha ushike kalkuleta. Kwenye Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili, halafu 1, uhakikishe herufi D imetokea juu ya kioo.