Maswali na majibu: kuona skrini za kompyuta za Linux saiba, shuleni na steshenari

Meseji nyingi safari hii zimetoka kwa wenye kompyuta za umma, wote wanataka kuona skrini wakiwa mbali. Nachukua tano.

Nina saiba Nakuru, mashine zote ni Linux Mint Xfce. Nataka nikiwa kaunta nione mteja amekwama wapi nimsaidie, nisiinuke kila saa. Nianzie wapi?

Anza na x11vnc, programu ya VNC (njia ya kuona na kuendesha skrini ya kompyuta nyingine kupitia netiwaki), ni nyepesi, hata mashine kuukuu inaiweza. Kwenye kompyuta ya mteja andika sudo apt install x11vnc, halafu tengeneza paswedi: sudo x11vnc -storepasswd /etc/x11vnc.pass. Weka na openssh-server hapo hapo, hiyo ni ya SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali kwa usiri. Sasa ukiwa kaunta ingia na ssh -L 5900:localhost:5900 jina_lako@IP_ya_ile_mashine (jina la akaunti yako kwenye mashine ya mteja), ukishaingia washa:

sudo x11vnc -display :0 -auth guess -rfbauth /etc/x11vnc.pass -localhost -forever -accept popup

Kisha fungua programu yoyote ya VNC hapo kaunta uiambie localhost:5900.

Usiiondoe hiyo -localhost, inayozuia watu wa nje wasiunganishe moja kwa moja bila kupitia SSH, hata kama kuna mtu kakwambia inasumbua. Paswedi ya VNC inasoma herufi 8 za mwanzo tu, na bila SSH picha ya skrini inapita kwenye netiwaki wazi kabisa, na unajua watu wanakuja saiba kufanya nini: eCitizen (huduma za serikali), KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi), namba za vitambulisho ziko pale mbele. Na router usiifungulie poti 5900 kwenda intaneti, kuna watu kazi yao ni kuzitafuta hizo usiku na mchana.

Lakini kipande ninachokipenda ni -accept popup. Ukitaka kuunganisha, kidirisha kinatokea kwenye skrini ya mteja, akibonyeza y unaingia, akibonyeza n huingii, na v unaona tu bila kugusa mausi wala kibodi. Asipojibu ndani ya sekunde 120 inakataa yenyewe. Maneno yake ni ya Kiingereza na kwa sababu unapitia SSH kitaandika 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe, si ya kaunta), kwa hiyo mwambie kwa mdomo, "mama, bonyeza v nione ulipokwama". Yeye ndiye anafungua mlango, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mimi mwalimu wa kompyuta Morogoro, nataka kuona skrini za wanafunzi wote kwa pamoja.

Hapo x11vnc itakuchosha mwalimu, chukua Epoptes, programu ya kusimamia kompyuta za darasa. Kwako weka epoptes, jiongeze kwenye kundi kwa sudo gpasswd -a jina_lako epoptes, toka uingie tena. Kwa wanafunzi weka epoptes-client, kwenye faili /etc/default/epoptes-client andika SERVER= na IP yako, halafu sudo epoptes-client -c ichukue cheti, uwashe upya mashine. Darasa zima linakuja kama vipicha vidogo, unaweza kufunga skrini wakusikilize, au kuwaonyesha ya kwako.

Nimeweka Ubuntu mpya, x11vnc inagoma au skrini ni nyeusi tii.

Ni Wayland hiyo, mfumo mpya wa kuonyesha skrini uliochukua nafasi ya Xorg ambao x11vnc inautegemea. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE, ikijibu wayland basi x11vnc haina la kufanya. Kwenye 22.04 na 24.04, kabla ya kuandika paswedi ya kuingia bonyeza kile kigurudumu uchague Ubuntu on Xorg. Kuanzia 25.10 hilo chaguo limetolewa, kwa kompyuta ya umma ningekushauri uende tu Mint au Xubuntu.

Nina steshenari Mbagala. Naomba njia ya kuangalia wateja wasijue, kuna vijana wanafungua picha chafu.

Hiyo ya wasijue sikupi ndugu yangu. Kijana mmoja anafungua uchafu, lakini kwenye kiti hicho hicho anakaa dada anayesoma majibu yake ya hospitali, nawe utakuwa unayasoma naye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aambiwe taarifa zake zinachukuliwa na kwa nini, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Shida yako ni tovuti, sasa zuia tovuti: kwenye router weka DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ni bure, zinakata tovuti nyingi za ngono. Na ubandike karatasi kwenye kila mashine kwamba mhudumu anaweza kuona skrini.

Mimi ni mteja tu. Nitajuaje naangaliwa?

Fungua teminali uandike ss -tan. Ukiona 5900 kuna VNC inasubiri au imeshaunganishwa, ukiona 789 upande wa pili wa muunganisho huenda ni Epoptes, 11100 mara nyingi ni Veyon, programu nyingine ya kusimamia kompyuta za darasa. Usipoona kitu bado usiwe na uhakika, mwenye mashine anaweza kuficha mengi. Mambo ya benki fanya kwenye simu yako. Na muulize mhudumu kama kuna guest session (akaunti ya mgeni ya muda), Mint inayo kwenye mipangilio ya Login Window, ukitoka mafaili yako na paswedi zilizobaki kwenye brauza zinafutika.