Kufunga takometa ya nyongeza: anza na waya wa ishara

Wengi wanaoanza kufunga takometa, yaani geji inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, humaliza nusu ya siku wakichagua geji ikae wapi kwenye dashibodi, kisha huziunga nyaya harakaharaka giza likiwa linaingia. Geuza mpangilio huo. Takometa ya kawaida ina nyaya nne, na tatu kati yake hata mfunga redio anazijua: umeme, athi (njia ya kurudi betri kupitia bodi ya gari) na taa. Wa nne ni waya wa ishara, na huo ndio kazi yenyewe. Ukiuelewa kabla hujashika koleo, zilizobaki utazifunga huku unapiga soga. Usipouelewa, geji itakudanganya au gari litagoma kuwaka, nawe utaanza kufungua vitu visivyo na kosa lolote.

Takometa hii haigusi sehemu yoyote inayozunguka ya injini. Inahesabu mapigo ya umeme, inapiga hesabu, kisha inasukuma mshale. Kwenye injini ya petroli ya mipigo minne, kila silinda hupata cheche mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Kwa hiyo injini ya silinda nne hutoa cheche 2 kwa mzunguko mmoja, ya silinda sita 3, na ya silinda nane 4. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, geji inapokea mapigo 100 kila sekunde. Hesabu hii iweke kichwani, maana utaitumia zaidi ya bisibisi.

Geji haijui imefungwa kwenye injini gani mpaka uiambie. Nyingi zina swichi ndogo nyuma yenye 4, 6 na 8. Nyingine zina vitanzi vya waya ambavyo unakata kimoja au viwili kulingana na kijitabu chake. Fanya hivyo geji ikiwa bado mezani, kwa sababu ikishabanwa mahali pake swichi hiyo huifikii tena bila kufungua kila kitu. Injini ya silinda nne ikiwa na swichi kwenye 8, geji itasoma nusu: injini inatulia vizuri kwenye 800 bila kukanyaga mafuta, mshale unaonyesha 400. Swichi ikiwa kwenye 6 utaona kama 530. Ukikuta usomaji wa namna hiyo na injini haitetemeki, angalia swichi kwanza, uiache kabureta ipumzike.

Sasa ishara inatoka wapi? Hapo lazima ujue mfumo wa cheche wa gari lililo mbele yako.

Magari ya zamani yenye distribyuta (kigawa cheche kwa silinda) na koili moja (inayopandisha volti ili cheche iruke) ndiyo rahisi. Ishara inachukuliwa upande hasi wa koili, penye alama ya kutoa (−). Kwenye magari mengi ya Ulaya utakuta namba 1 badala ya alama hiyo, na upande chanya una namba 15. Kumbuka kwamba kila platini, yaani swichi ndogo ya ndani ya distribyuta, zinapoachana, au kifaa cha kielektroniki kilichochukua nafasi yake kinapokata, upande huo huruka kwa kufumba na kufumbua hadi mamia ya volti. Ndiyo sababu waya wake unatakiwa uwe na ganda zima, bila mchubuko.

Kuna jambo moja kuhusu waya huu ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua kabla ya mengine yote. Koili hujaa umeme upande wake hasi unapounganishwa na athi, na hutoa cheche unapoachiwa. Waya wako wa ishara ukibanwa mahali na kugusa bodi ya gari, umeunganisha koili na athi moja kwa moja, na hakuna tena wa kuiachia. Injini inazimika papo hapo. Staata itazungusha vizuri, mafuta yapo, cheche hakuna, na ukiacha ufunguo umewashwa koili inachemka. Kwa hiyo gari likigoma kuwaka baada ya kufunga takometa, usiguse pampu wala plagi: chomoa waya wa ishara kwenye koili, jaribu tena. Likiwaka, tatizo liko ndani ya waya huo au ndani ya geji. Mimi siungi waya huu moja kwa moja bila kiungio cha kuchomoa kwa mkono karibu na koili. Wapo mafundi wanaoona ni urembo. Dereva aliyekwama barabarani usiku hatauona hivyo.

Gari likiwa na sanduku la cheche la kapasita (linalohifadhi umeme na kuumwaga kwenye koili kwa mkupuo), kama zile za chapa ya MSD za magari ya mashindano, usiguse koili kabisa. Sanduku hilo husukuma volti nyingi zaidi kwenye koili, na kwenye mwendo wa chini hutoa cheche kadhaa mfululizo mahali pa moja, kwa hiyo geji ikiwekwa hapo inaweza kuungua au kusoma upuuzi. Sanduku lenyewe lina kituo maalumu cha takometa. Tumia hicho.

Magari yasiyo na distribyuta ndiyo yanayowachanganya wengi. Kwenye mfumo ambao koili moja inahudumia silinda mbili kwa pamoja, kila koili hupiga mara moja kwa kila mzunguko, iwe injini ya silinda nne au sita. Ukichukua ishara kwenye koili moja tu na geji ikiwa kwenye 4, itasoma nusu, maana inatarajia mapigo mawili na inapata moja. Kwenye mfumo ambao kila plagi ina koili yake juu, koili moja hupiga mara moja kwa mizunguko miwili, na geji hiyohiyo itasoma robo. Baadhi ya geji zina mpangilio wa silinda 1 au 2 unaotatua hilo. Zisizo nao huhitaji adapta inayokusanya ishara za koili zote na kutoa moja iliyo safi.

Hesabu pia nyaya zinazoingia kwenye koili ya juu ya plagi. Zikiwa mbili, kwa kawaida mmoja ni umeme na mwingine ni upande hasi wa koili, wenye ile miruko ya mamia ya volti. Zikiwa tatu au nne, swichi ya kielektroniki imo ndani ya koili, na waya unaotoka kwenye kompyuta ya injini unabeba amri ndogo tu ya volti kama 5. Geji iliyotengenezwa kwa ajili ya koili za zamani inaweza isiione kabisa amri hiyo, na kuuvuta waya huo hovyo kunaweza kuifanya silinda hiyo ikose cheche.

Kwa hiyo kama kompyuta ya injini ina waya wake wa takometa, uchukue huo na uache koili zote. Ishara yake ni safi, na mara nyingi hesabu ya silinda imeshafanywa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, na ndani yake tundu lenye alama IG-, ambalo limewekwa kwa kazi hiihii. Ukiunga sawasawa kwenye waya wa kompyuta na mshale ukabaki sifuri, soma mchoro tena: baadhi ya kompyuta hushusha tu ishara kwenye athi na hazitoi volti zenyewe. Hapo huhitajika rezista (kipande kinachozuia mkondo) kati ya waya wa ishara na umeme wa ufunguo, kwa kawaida ya omu 1,000 hadi 10,000, ili kuwe na kitu cha kushushwa.

Dizeli haina koili. Mara nyingi ishara hutoka kwenye altaneta, mashine inayochaji betri, kwenye kituo cha W, ambacho kinatoa umeme wa awamu moja kabla haujageuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu. Idadi ya mapigo inategemea jozi za ncha za sumaku ndani ya altaneta na uwiano wa puli. Altaneta yenye jozi 6, ikizunguka mara 2.5 kwa mzunguko mmoja wa kranki, hutoa mapigo 15. Geji yenye 4-6-8 tu haitafaa kitu hapo. Tafuta inayorekebishwa, na ujue kwamba mkanda ukiteleza usomaji nao unapotea.

Usitafute waya kwa kubahatisha. Pata mchoro wa umeme wa gari hilo, kisha thibitisha kwa multimita yenye kupima hezi (mapigo kwa sekunde), iwe inastahimili volti za mahali unapoigusisha. Injini ya silinda nne ikitulia kwenye 750, waya sahihi wenye mapigo yote utaonyesha hezi 25, na namba itapanda unapokanyaga mafuta. Ikikubaliana na hesabu, umefika. Taa ya kujaribia yenye balbu iache kwenye sanduku la zana: inavuta mkondo mkubwa kuliko ulioandaliwa kwa nyaya za kompyuta.

Umeme wa geji utoke mahali panapowaka ufunguo ukiwa umewashwa na panapobaki hai staata ikizungusha. Njia ya redio mara nyingi hukatika wakati wa staata, ndiyo maana mishale mingine huanguka na kuamka. Ukiutoa kwenye njia isiyozimika, betri itakuamkia tupu. Na usiuchukue upande chanya wa koili bila kupima, kwani magari ya zamani yenye rezista ya koili huwa na volti pungufu hapo injini ikiwa inanguruma. Weka fyuzi ndogo kama kijitabu cha geji kinavyosema, karibu na chanzo cha umeme, siyo karibu na geji, kwa kuwa inalinda waya wote unaofuata.

Athi iwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Mshale ukicheza kila unapowasha taa kubwa au feni, athi yako ni mbovu au umeiunga pamoja na mzigo mzito. Waya wa taa uunge kwenye taa ndogo za gari, yatosha.

Rangi za nyaya zisikufanye uache kusoma. Kampuni ya geji ya Auto Meter hutumia nyekundu kwa umeme, nyeusi kwa athi, kijani kwa ishara na nyeupe kwa taa, na wengine wengi wanafuata, lakini geji za bei rahisi hujiamulia zinavyotaka.

Kabla ya kupitisha nyaya, toa kichwa hasi cha betri. Kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria tumia tundu lililopo lenye mpira. Ukitoboa jipya, angalia kwanza kilicho upande wa pili, kisha livishe mpira, la sivyo makali ya bati yatakula ganda la waya na utarudi kwenye lile tatizo la koili kugusa athi. Waya wa ishara uwe mbali na nyaya za plagi, na ikibidi zikutane zikatane kwa pembe mraba. Nyaya za plagi zenye kiini cha shaba tupu, zisizo na ukinzani, hutoa kelele nyingi za umeme. Mshale ukirukaruka bila mpango, zikague hizo kabla ya kuirudisha geji dukani. Epuka pedali, nguzo ya usukani na bomba la moshi. Nyaya na viungio vya njano chini ya dashibodi kwa kawaida ni vya eabegi: usivikate, usivipime, na geji yenyewe usiiweke pale eabegi itakapofumukia.

Kuhusu maungio nina msimamo. Vile vibano vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata ni vya haraka, lakini hujeruhi nyuzi na kuingiza unyevu, na baada ya muda mshale unaanza kukatikakatika. Chini ya boneti, lehemu kwa solda na uvike mrija unaosinyaa kwa joto, au bana kwa koleo lake halisi. Kisha funga waya usining'inie, maana mtetemo huvunja hata solda nzuri.

Jaribu kabla ya kurudisha plastiki. Washa ufunguo: geji nyingi za kisasa huzungusha mshale mpaka mwisho na kuurudisha. Washa injini, halafu linganisha na mashine ya uchunguzi kama gari linaikubali, ikiwa imetulia, kisha kwenye 2,000 na 3,000. Tofauti ndogo haina shida. Tofauti inayokua kwa uwiano uleule, nusu au mara mbili kila mahali, ni swichi au chanzo cha ishara. Sifuri wakati geji inawaka ni waya wa ishara. Kisha tikisa nyaya kwa mkono injini ikinguruma, na uzungushe usukani mwisho hadi mwisho. Usomaji ukibadilika, kuna ungio halijashika.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha tepu ulikochukua ishara, fyuzi ilipo na swichi ilivyowekwa, ukibandike ndani ya kifuniko cha fyuzi. Fundi atakayefuata hatahitaji kukisia, na mara nyingi fundi huyo atakuwa wewe mwenyewe.