Marubani wa Tornado, 1990: ni mabaki ya roketi kweli?

Ndugu, umeuliza marubani wa kijeshi wanawezaje kudanganywa na chuma chakavu cha roketi kinachoanguka, wakadhani ni chombo kikubwa cha ajabu. Wanaweza, tena kirahisi. Tarehe 5 Novemba 1990, marubani wa ndege za kivita za Tornado za Uingereza juu ya Bahari ya Kaskazini waliripoti taa zikiwapita. Jioni hiyohiyo hatua ya tatu (kipande cha tatu) ya roketi ya Proton, iliyorusha setilaiti ya Gorizont 21 siku mbili kabla, ilikuwa ikiungua angani juu ya Ulaya.

Tatizo ni umbali. Usiku jicho halina cha kupimia, hivyo kitu kilicho kilomita 80 juu huonekana kama kiko pua na pua na ndege. Vipande vikienda sambamba, ubongo huunganisha taa na kujaza giza lililo katikati, na hapo ndipo "chombo kikubwa cheusi" huzaliwa.

Ukitaka kuhakiki tukio lolote, anza na muda lilioonekana. Kimondo hupita kwa sekunde chache. Mabaki, yakienda takriban kilomita 7.5 kwa sekunde karibu sambamba na ardhi, huweza kuonekana dakika nzima au zaidi. Andika saa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia (kosa la saa moja tu la eneo huharibu kila kitu), upande yalikotokea na yalikoishia, kisha linganisha na orodha za vitu vilivyoanguka kutoka mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia. Kama taa zilisimama au zilirudi nyuma, maelezo haya hayafai, tafuta mengine.