Tochi ya mfukoni, nichukue ipi?

SWALI: Mambo fundi, mi natoka kazini usiku na mtaani umeme unakatika hovyo, nataka tochi ya LED ya kutembea nayo, dukani nimeona moja imeandikwa lumeni 100,000, niibebe?

JIBU: Achana nayo dada, lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga na hiyo namba ni ya kwenye boksi tu. Kwa mtaani lumeni 300 zinakutosha kabisa, we angalia betri, zile za 18650 (za kuchaji, za duara ndefu) hata ziwe nzuri vipi zinaishia kama mAh 3,500 hadi 4,000 hivi, yaani kiasi cha chaji inachobeba, ukiona imeandikwa 9,900 ujue unapigwa. Chukua yenye alama ya IPX7 ya kuzuia maji, inavumilia kuzama maji ya mita 1 kwa nusu saa, na swichi iwe ngumu kidogo maana ikijiwasha kwenye pochi inachemka balaa. Mwanga mi napenda wa njano njano, ule mweupe sana unachosha macho.