Bango lenyewe au picha ya bango?

SWALI: Ndugu Mhariri, maktaba yetu hapa Nairobi imepokea kasha la mabango, postikadi na negativu za kioo. Neno "Mabango" niliweke kwenye uga wa mada au wa aina? – Mkutubi, Ngara

JIBU: Jiulize kwanza: kitu hiki ni nini, na kinaonyesha nini? Bango halisi la kampeni ni bango kwa aina yake, kwa hiyo "Mabango" huingia uga 655, ule wa aina, katika MARC, yaani muundo wa kuandikia rekodi za maktaba kwenye kompyuta. Uchaguzi, ambao ndio mada, huingia uga 650, ule wa mada. Lakini picha ya ukuta wa River Road uliobandikwa mabango ni picha tu. Hapo 655 hupata "Picha", na "Mabango" yanahamia 650. Ukichanganya, anayetafuta mabango yenyewe ataletewa vitabu vinavyoyazungumzia, na kasha lako litabaki rafuni bila kuonekana. Inauma.

Ukitumia tesauri (orodha rasmi ya istilahi) ya picha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kielekezi cha pili, yaani tarakimu ya pili baada ya namba ya uga, kiwe 7, na $2, sehemu ya uga inayotaja orodha iliyotumika, iwe tgm, msimbo wa tesauri hiyo, katika uga zote mbili. Wengi husahau $2. Bila hiyo mfumo haujui istilahi imetoka orodha gani. Postikadi ya twiga? Aina ni postikadi, mada ni twiga.