Cheo Kipya Hakikutoi Kwenye Chama

Kijana mmoja wa Casuarina ameniandikia: "Dada, nimejaza fomu ya chama cha wafanyakazi, siku ya pili nikapewa barua ya usimamizi wa zamu. Meneja anasema sasa mimi ni uongozi, nijitoe. Nifanyeje?" Damu ilinichemka. Barua za namna hiyo nazijua.

Nilianza kazi ya vyumba katika hoteli moja hapa Malindi nikiitwa kibarua. Kisheria, kibarua ni mtu anayechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa siku ileile. Sisi tulilipwa mwisho wa mwezi, tukapangiwa zamu, tukatandika vitanda vya Wataliano msimu baada ya msimu. Masika ikiingia twaambiwa tukapumzike. Julai wageni wakirudi twaitwa tena, vibarua vilevile. Tukiuliza habari za KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na kazi za nyumbani, jibu ni moja: chama ni cha walioandikwa.

Uongo mtupu! Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Kila mfanyakazi, si wa kudumu peke yake. Tena kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi au zaidi, huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, hata kama tajiri hajamwandikia kitu.

Tukajaza Fomu S, ile ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, usiku, nyumbani kwa mwenzetu Maweni. Baada ya hapo zikaanza barua. Huyu msimamizi wa kufulia, yule msimamizi wa ghorofa. Mshahara uleule, ufagio uleule mkononi.

Shabaha yao ilikuwa hesabu. Mwajiri hulazimika kukitambua chama kikishakuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi kinaoweza kuwasemea. Chukua wafanyakazi 20, na 11 ni wanachama: chama kimepita. Wape watatu kati ya hao vyeo vya uongozi, na kwa kuwa uongozi hauingii kwenye hesabu hiyo, wanabaki wanachama 8 kati ya watu 17, na nusu imepotea bila mtu kufukuzwa.

Tulizipeleka barua hizo kwa afisa wa kazi wa serikali hapa mjini pamoja na orodha za zamu, na orodha zilionyesha kila "msimamizi" akisafisha vyumba kama jana. Hoteli ikarudi nyuma, ada zikaanza kukatwa, nami nikachaguliwa mwakilishi wa wafanyakazi. Najivunia jambo hilo mpaka leo. Linaloniuma ni mwenzetu aliyekipenda cheo kile akawa anapeleka majina yetu ofisini. Hatusalimiani tena.

Basi ndugu zangu, itazameni kazi yenyewe. Je, unaajiri? Unafukuza? Unatoa adhabu, unapanga sera ya hoteli? Kama huna hata moja, wewe ni mfanyakazi kama wenzako, barua iseme itakavyosema. Na hata meneja wa kweli hajanyang'anywa haki yake ya Katiba; kinachomwacha nje ni makubaliano ya pamoja ya mishahara, ambayo kwa kawaida hayawahusu wakuu.

Weka karatasi zako. Piga picha orodha ya zamu, tunza kila karatasi ya mshahara. Usijiuzulu chama kwa mdomo wala kwa sahihi, maana sahihi ndiyo wanayoitafuta. Fomu S ikishapelekwa na chama, mwajiri ana siku 30 kuanza kukata ada, na uanachama si sababu ya haki ya kukufuta kazi, ndivyo kisemavyo kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira. Wakikufuta, nenda kwa afisa wa kazi mapema, miezi mitatu isipite. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo iko Malindi hapahapa. Hakuna haja ya nauli ya Mombasa.