Ugonjwa "wa kurithi" wakati baba na mama ni wazima?

Swali: Mtoto wa kaka yangu kagundulika ana upungufu wa homoni za tezi za adrenali, dokta kasema ni ugonjwa wa kurithi. Sasa ndugu wa upande wetu wanamwambia wifi "wewe ndo umemwambukiza mtoto", wengine wanabisha kwamba huwezi kurithi kitu ambacho wazazi hawana. Hilo neno kurithi limetumika sawa?

Jibu: Poleni sana dada. Nianze na kuambukiza maana ndo neno linalomuumiza wifi yako. Ugonjwa unaambukizwa na kijidudu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine, kama mafua au kifua kikuu, na hapa hakuna kijidudu, kwa hiyo asiambiwe hivo tena.

Kurithi ni sahihi, ila tumelizoea kwenye mali, kwamba unarithi shamba alilokuwa nalo marehemu, ndo maana watu wanataka mzazi awe ameumwa kwanza. Kwenye mwili kinachorithiwa ni kinasaba (jeni, yaani maelekezo ya mwili yanayotoka kwa wazazi), sio ugonjwa wenyewe. Aina inayoonekana zaidi kwa watoto inatokana na kinasaba CYP21A2 kilichopo kwenye kromosomu ya 6 (kromosomu ni kama nyuzi zinazobeba vinasaba), hicho ndo kinatengeneza kimeng'enya, yaani protini inayosaidia kazi za kikemia mwilini, ambacho zile tezi, zilizokaa juu ya figo, zinakihitaji ili zitoe homoni za kotisoli na aldosteroni. Kila mtu anacho mara mbili, kimoja cha baba kimoja cha mama, sasa baba akiwa na kibovu kimoja anabaki mzima kwa sababu kingine kinafanya kazi, mama vilevile, mtoto akivipata vibovu vyote viwili ndo anaumwa, na kila mimba yao ina uwezekano wa 25%. Ni vilevile kama sikoseli. Kwa hiyo kwa aina hii msiseme "karithi kwa mama", semeni "karithi kwa wazazi wote wawili".

Ipo nyingine ya kinasaba NR0B1, kiko kwenye kromosomu X, hiyo inawapata zaidi watoto wa kiume na mara nyingi mama ndo mbebaji, yaani anacho kibovu ila mwenyewe haumwi, hapo "karithi kwa mama" inakubalika, ila bado mama hana kosa lolote. Na kuna wakati kasoro inaanzia kwa mtoto mwenyewe, wazazi hawana kabisa, huyo hajarithi, kazaliwa nao tu. (Kuzaliwa nao nako sio lazima iwe kurithi, kuna mtoto anazaliwa na kaswende na hiyo ni maambukizi.) Mi napendelea "ugonjwa wa vinasaba", linazibeba aina zote hizo.

Na kwenye kadi ya mtoto msiandike "ana tatizo la homoni", hilo halimwambii kitu nesi wa zamu. Andikeni hivi (haidrokotisoni ni dawa inayochukua nafasi ya kotisoli): "Ana upungufu wa kotisoli, anatumia haidrokotisoni kila siku, isikatishwe ghafla, akitapika au akipata homa kali awahishwe hospitali."